Safari ya Sirakusa Niliyoikana

Watu wa kanisani wakiniuliza habari za Précieuse, huwa nasema ni binti mzuri, mchapakazi, anapenda watu. Yote hayo ni kweli na yote yananichoma. Leo nitamweleza kwa urefu zaidi, lakini mwenye kusikiliza ajue tangu mwanzo kwamba anayeeleza ana wivu. Sitajifanya malaika. Nina wivu na Précieuse kama mtu alivyo na jino bovu: nikinyamaza linauma, nikiongea linauma zaidi, na bado ulimi hauachi kuligusa.

Alizaliwa Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo, baba yake akiwa fundi wa mitambo kwenye kazi ya shaba. Alikuja Brussels mwaka 1993 kusoma uhasibu, akaacha mwaka wa pili ndoa yake ilipovunjika, akaingia kwenye kazi ya kutunza wazee kama wengi wetu. Ni mrefu, ana mwanya mzuri wa mbele, na kicheko chake unakisikia ukiwa bado kwenye ngazi. Kunong'ona hajui. Akinunua viatu, kanisa zima litajua ni namba ngapi na vinambana wapi. Sisi watu wa Bukavu tunawacheka watu wa Lubumbashi kwa mdomo huo, nao wanatucheka kwamba tunafunika sufuria hata kama ni tupu.

Mimi ni Alphonsine, wa Bukavu. Nilikulia juu ya rasi inayoingia ziwani, maji huku na maji huku. Précieuse alikulia penye vumbi jekundu, maji aliyaona kwenye bomba. Nalisema hili mapema kwa sababu mambo yenyewe yanahusu bahari, na nani kati yetu aliyestahili kuiona.

Tulikutana kwa Madame Santina, huko Ganshoren, pembeni mwa Brussels, kwenye nyumba ya chini ya jengo moja la kimya ambalo majirani wake husalimiana kwa kichwa. Madame Santina alikuwa mjane wa Msisilia aliyekuja Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe. Makaa yalimla mumewe mapafu, yeye akabaki na binti mmoja, Rosalba, na miguu ambayo mwishowe ilikataa kumbeba. Mimi nilikuwa wa asubuhi, kwa miaka minne. Nilimwosha, nikamvika, nikamketisha. Nilimwita Maman Santina, kwa heshima tunayompa mtu mzima.

Kumwosha mtu mzima kuna utaratibu wake. Unaanza na uso, kwa maji matupu. Halafu shingo, mikono, kwapa, huku sehemu zingine umezifunika kwa taulo ili asipate baridi wala aibu. Mtu akioshwa hivyo kila siku, ulimi wake unafunguka. Maman Santina alinipeleka kwao kila asubuhi, kwa maneno. Kwao ni Sirakusa, katika kisiwa cha Sisilia, na mji wa zamani wenyewe umekaa juu ya kisiwa kingine kidogo kilichounganishwa kwa daraja. Nikiwa kwenye mikono yake tulikuwa tunavuka daraja. Nikifika mgongoni tuko uwanjani, mbele ya kanisa kuu lililojengwa ndani ya hekalu la watu wa kale, nguzo zao bado zimesimama ukutani, nene hivi kwamba watu wawili wakishikana mikono hawazizunguki. Nikifika miguuni tumeteremka hadi kwenye chemchemi ya maji matamu iliyo hatua chache tu kutoka kwenye chumvi ya bahari, na humo ndani mafunjo yanaota.

Siku aliponitajia mafunjo niliacha kusugua. Nikamwambia kwetu, kwenye mabonde ya Kabare, yamejaa tele, tunasukia mikeka. Alidhani nadanganya. Nilipomwonyesha kwa mikono jinsi yanavyokatwa, aliamini, akacheka mpaka beseni likayumba. Tangu hapo mji ule ukawa kama na mlango wa upande wangu. Nilijua njia zake kuliko ninavyojua njia za Ganshoren. Nilijua hata kwamba Mtume Paulo alipumzika huko siku tatu akipelekwa Roma, na nilipenda kuwaza kwamba naye alikunywa maji yale.

Précieuse aliletwa mwezi wa kumi 1997, kwa saa za mchana. Yeye kazi yake ilikuwa kumpa chai, kucheza naye karata, kumpaka rangi kucha. Alimwita Nonna, bibi kwa Kitaliano, wiki ya kwanza tu. Mimi miaka minne sikuthubutu. Nikichelewa kutoka, niliwasikia sebuleni wakicheka wote wawili, na nikavaa koti langu polepole ili nijue wanacheka nini. Mimi nilimwosha, yeye akamchekesha, na kila mtu anampenda anayemchekesha.

Basi, mwezi wa pili 1998, asubuhi moja nikiwa namkausha miguu, Maman Santina alinishika bega. Akasema Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano, huko kwao, wanamtoa nje Mtakatifu Lusia, sanamu ya fedha, na masista wanaachia njiwa kutoka barazani juu ya vichwa vya watu. Alitaka kuwaona tena kabla hajafa. Rosalba angempeleka kwa treni, maana ndege aliiogopa, lakini Rosalba ana mgongo mbovu, hawezi kumnyanyua.

"Utakuja wewe, Alphonsine," akasema. "Ni wewe unayejua kunishika."

Nilimkausha kila kidole mara mbili. Nilisema ndiyo, na nilisema kwa sauti ya chini kama mtu aliye kwenye ungamo. Kadi yangu ya ukaaji ilikuwa nzima, na tangu msimu wa majani kuanguka mwaka uliopita mwenye kadi hiyo alikuwa anaingia Italia bila viza. Hakukuwa na kizuizi chochote duniani.

Sasa niwaeleze desturi yetu, kwa wasioijua. Mtu wa kwetu hatangazi safari. Unapanga sanduku watu wakiwa kwenye sala. Dada yako wa tumbo moja anajua umeondoka siku umeshafika na umempigia simu. Ukiulizwa unasema huendi popote, na anayekuuliza, kama amelelewa vizuri, anaelewa na ananyamaza. Tunaogopa midomo na macho. Maman Mauwa wa kwaya alitangaza kwamba anahamia Kanada, tukamfanyia hata keki, viza ikakataliwa. Mpaka leo anawatazama mdomoni watu wote walioila ile keki.

Kwa hiyo nilifunika sufuria. Nilinunua viatu vya wazi kwenye soko la Jumapili la Gare du Midi, kando ya kituo cha treni, nikavificha. Nilinunua kofia, nikaificha. Usiku nililala nikivuka daraja. Na mtu niliyemficha kuliko wote alikuwa Précieuse, kwa maana nilijisemea: huyu akijua, wivu wake utanimaliza. Ndivyo nilivyowaza, maneno hayohayo.

Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tatu, siku ya Mtakatifu Yosefu, Rosalba alileta maandazi yao ya sikukuu, yenye asali, akaniomba nibaki tule pamoja. Tulikuwa wanne jikoni: Maman Santina akisinzia kwenye kiti chake cha magurudumu, Rosalba, mimi, na Précieuse aliyekuwa amefika kwa zamu yake. Rosalba akajifuta vidole, akaniuliza mbele ya wote, wazi kabisa:

"Basi, Alphonsine, uko tayari kwa Sisilia? Nataka kukata tiketi wiki hii."

Précieuse aliinua kichwa. Mimi nikacheka kidogo, kicheko cha kupotezea.

"Mimi? Niende wapi? Mimi nabaki hapa na kazi zangu."

"Kweli? Huendi?"

"Siendi popote, Rosalba." Na nikamkonyeza kwa jicho la upande wa ukuta, ambalo Précieuse asingeweza kuliona.

Rosalba alinitazama, akasema, "Ah bon," yaani kumbe. Kwetu, mtu akisema "ah bon" namna hiyo, ameelewa. Atakufuata kwenye korido baadaye, mtamalizana. Nilikula andazi la pili nikijisifu moyoni kwa jinsi nilivyolizima lile jambo.

Siku tatu baadaye Précieuse alinikuta kwenye kituo cha basi, mimi nikitoka, yeye akiingia. Aliniuliza, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa sauti ambayo kwa mtu mwingine ni ya kawaida lakini kwake ilikuwa ya chini sana:

"Yaya, uniambie bien. Utaenda na Nonna kule Sicile, ao hapana?"

"Précieuse, fanya kazi yako tu," nikamjibu. "Usifwate mambo ya bantu. Miye siendi."

"Bon," akasema. Akabaki amesimama kidogo kama anayengoja nibadilishe neno. Basi langu likaja, nikapanda. Nilijisifu tena.

Jumapili mbili zikapita, nami bado nangoja Rosalba anifuate kwenye korido. Ya tatu, mwisho wa ibada, wakati wa matangazo, Précieuse alisimama na kitambaa chake cha manjano, akaomba kanisa limwombee safari njema: anaenda Italia, kwenye mji mmoja unaitwa Sirakusa, anamsindikiza bibi yake wa kazini, wanaondoka tarehe ishirini na nane ya mwezi wa nne. Alisema yote: siku, treni, hata kwamba treni inapandishwa ndani ya meli kuvuka kwenda kisiwani. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa safu ya tatu nimeshika kitabu cha nyimbo. Sikukiangusha, ila kurasa mbili zilipasuka.

Nikawa nangoja mdomo wake umponze. Mungu anisamehe, nilingoja kila siku. Nilimtazama kama anakohoa. Desturi yetu ni ya wazee, ilitakiwa imfunze. Hakuna kilichompata, hata mafua.

Rosalba nilimpigia simu siku ya pili, asubuhi na mapema. Alishangaa kabisa.

"Lakini Alphonsine, nilikuuliza mara mbili mbele ya watu. Ulicheka. Ukasema huendi popote."

Ningemjibu nini? Ningemwambia kwamba kwetu hapana ni ndiyo, na kwamba nilikuwa namwogopa mwenzangu wa kazi asinile kwa macho? Amezaliwa Ubelgiji, huko neno likitoka mdomoni wanaliandika. Nilimuuliza kama tiketi inaweza kubadilishwa jina. Akasema Précieuse ameshapata ruhusa kwa wazee wake wengine wote, ameshajiandaa, itakuwa ni aibu kumwondoa. Alisema hivyo kwa upole, na upole wake nikauchukia pia.

Rosalba sikumlaumu sana. Ila Précieuse ni mtu wa kwetu. Nilimsubiri palepale Ganshoren, saa sita mchana, mlangoni.

"Ulijua," nikamwambia. "Usiniambie hukujua. Muntu akisema haendi, weye unajua njo anaenda."

Hakukana. Hilo lilinikasirisha zaidi.

"Nilijua, Yaya. Palepale ku cuisine nilijua. Rosalba alinipigia mangaribi, nikamwambia angojee kwanza, niulize Yaya Alphonsine. Nikakuuliza ku arrêt ya basi, siye wawili tu, hakuna muntu. Ukaniambia nisifwate mambo ya bantu."

"Ungekatala."

"Juu ya nini? Uliniona sawa ndoki, sawa muchawi. Muntu anakuonaka sawa ndoki, alors weye umuachie safari?" Sauti yake ilipanda, ikarudi. "Kama uliniambia tu, Yaya. Neno moja. Ningekusaidia kupanga valise."

Nilikuwa nimeogopa wivu wake, nikabaki na wangu. Na lililonitesa zaidi ni kwamba sikuwa na wa kumlilia. Safari yangu hakuna aliyeijua, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba imekufa. Kanisani walinisalimia kama kawaida, wakaniuliza habari za Précieuse.

Tarehe ishirini na nane nilimwosha Maman Santina kwa ajili ya safari. Uso, shingo, mikono. Wakati ule akili yake ilikuwa imeanza kuchanganya siku na majina, hasa akichoka, na asubuhi ile alikuwa amechoka kwa furaha. Alivuka daraja na mimi, akafika uwanjani, akafika kwenye mafunjo. Nilimwacha aseme. Nilimchana nywele, nikambana kwa vibanio vyake vya pembe, nikamvika gauni la bluu nililolipiga pasi mwenyewe, na kila kifungo nilichokifunga nilijua ni Précieuse atakayekifungua, mahali penye jua. Nilifikiria kuacha kifungo kimoja nje. Nilikifunga.

Rosalba aliniomba niwasindikize hadi Gare du Midi kwa sababu ya kiti cha magurudumu. Nilienda. Précieuse alikuwa ameshafika, amevaa miwani ya jua ndani ya kituo, chini ya paa, na sanduku jekundu. Tulisukumana kati ya watu mpaka kwenye treni ya Milano. Wafanyakazi wawili wa kituo walimnyanyua Maman Santina, nikasimama chini. Akageuka kunitazama kutoka mlangoni.

"Sanduku lako liko wapi?" akaniuliza.

"Alphonsine anabaki, Maman," Rosalba akasema. "Nilikwambia."

Maman Santina alinitazama kama mtu anayesubiri utani ufike mwisho. Précieuse alikuwa nyuma yake, ameshika vishikio vya kiti, anatazama chini. Nilisema safari njema, nikaondoka kabla mlango haujafungwa, nikateremka ngazi vibaya nikaumia kifundo. Kifundo hicho kiliniuma wiki mbili, na nikamlaumu Précieuse kwa hicho pia.

Mwezi wa tano ulikuwa wa mvua. Jumapili ya kwanza, badala ya kanisa, nilienda sokoni Midi nikazunguka kati ya vibanda vya zeituni na vitambaa, maji yakinichuruzika shingoni, nikatazama saa. Nilijua njiwa wanaachiwa wakati gani. Maman Santina alikuwa ameniambia mara nyingi. Saa ilipofika nilisimama katikati ya watu wanaogombania nyanya, na nikatamani, kwa moyo wote, huko kwao nako kunyeshe. Nilitamani njiwa wakatae kutoka. Nilitamani Précieuse atazame upande mwingine dakika ileile.

Postikadi yake ilifika katikati ya mwezi. Mbele uwanja mweupe, kanisa kuu, anga la bluu lisilo na hata alama ya wingu. Nyuma aliandika: "Yaya, jua iko mingi. Nonna eko bien, anakula samaki. Précieuse." Basi. Hakuandika kama kuna mafunjo. Nilikasirika kwamba ameandika, na nikakasirika kwamba ameandika kidogo. Niliitazama ile picha mpaka nikaanza kumwona ndani yake, kila mwanamke mwenye gauni la rangi nikadhani ni yeye, amejikalia kwenye kivuli changu.

Mwisho wa mwezi Rosalba alinipigia simu. Mama yake hakurudi. Siku ya kuondoka alishika mlango wa nyumba ya binti wa dada yake, hakutaka kuuachia, na yule binti akasema basi abaki, chumba kipo, barazani anaona maji. Nyumba ya Ganshoren itarudishwa kwa mwenyewe. Rosalba alinishukuru kwa miaka minne, akaniomba nipeleke ufunguo. Niliupeleka. Nikasimama bafuni muda fulani, nikakunja taulo ambazo hakuna atakayezitumia, na nilichofikiria hapo, badala ya kufikiria Maman Santina, ni kwamba Précieuse ndiye aliyemuaga.

Wiki mbili Précieuse hakuonekana kanisani. Mimi niliona ni majivuno, anajificha ili atamaniwe. Nilimkuta Jumamosi moja kwenye soko la uwanja wa Flagey, penye meza ya samaki. Jua la huko lilikuwa limemng'arisha, ngozi yake nzuri zaidi kuliko alivyoondoka. Alikuwa ananunua makrele. Nilijipanga uso.

"Umerudia, Précieuse."

"Nimerudia, Yaya. Kuko semaine deux."

"Alors, kule Sirakusa kuko muzuri?"

"Uniache na Sirakusa."

Alilipa samaki wake, akasogea pembeni. Nilimfuata. Nilidhani anataka kubembelezwa, na nilikuwa tayari hata kumbembeleza, ilimradi nisikie. Lakini alipogeuka, niliona kwamba yeye ndiye aliyekuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu.

"Tulifika asubui," akasema. "Bon, tunavuka daraja mu taxi. Nonna ananishika mukono, anasema: Alphonsine, angalia, njo ile daraja nilikuambiaka. Miye nikacheka, nikamwambia: Nonna, ni miye, Précieuse. Anasema: oui, oui. Tunafika ku place ya kanisa. Anasema: Alphonsine, gusa ile colonne, ile nguzo, unaona vile ni mukubwa? Tunashuka ku source ya maji. Anasema: Alphonsine, angalia majani ya kwenu. Miye sijue majani gani ya kwetu. Ninaangalia tu. Kila fasi tunafika anasema, sawa vile nilikuambiaka, unakumbuka? Sikumbuke kitu, Yaya. Miye hakuniambiaka kitu, miye nilikuwa nacheza naye karata."

Nilikuwa nimeshika kamba ya mfuko wangu kwa mikono yote miwili.

"Siku ya njiwa," akaendelea, "banawaachia, banaruka, bantu banapiga mikono. Nonna analia. Ananivuta uso hapa, anasema: Alphonsine, tumefika. Siku vingt-trois, makumi mbili na tatu, Yaya. Siku vingt-trois minamwosha, minamlisha, minamnyanyua. Jina yangu haikutokaka mu kinywa yake hata mara moja."

"Na siku ya kuaga?" nikauliza.

Alitazama samaki wake.

"Akasema: Alphonsine, aksanti kwa kunileta. Akasema: ukifika Brussels, ule mutoto mwanamuke anakuyaka après-midi, saa za muchana, ule wa kucheka, jina yake imenipotea, unisalimie ule. Nikasema: nitamusalimia."

Najua nilichotakiwa kusema. Kwamba ni uzee. Kwamba majina yanatoka kwanza na upendo unabaki. Kwamba mkono aliokuwa anaushika ulikuwa wake, Précieuse, si wangu. Maneno hayo yote yalikuwepo tayari, nimewaambia wanawake wengine kwenye kazi hii. Lakini nilikuwa na furaha, furaha mbaya, ya moto, iliyonipanda hadi masikioni, na kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa hiki:

"Alisema 'aksanti kwa kunileta'? Vile vile? Rudilia."

Précieuse alinitazama, na mara ya kwanza tangu nimfahamu hakukuwa na kicheko popote usoni mwake. Niliuona wivu, nikautambua upesi maana nilikuwa nimeishi nao miezi mitatu. Alikuwa ananionea mimi wivu, mimi niliyebaki hapa kwenye mvua na kifundo kilichovimba. Hakurudilia.

Furaha yangu haikudumu. Ilikuwa imenipeleka kila mahali, darajani, uwanjani, chini ya njiwa, na nilipojaribu kutazama huku na huku nikaona siwezi kuona kitu. Nilikuwa na jina tu. Macho yalikuwa yake. Nikajikuta nimemshika mkono, mimi ambaye simgusi mtu, na sauti yangu ikatoka ndogo.

"Précieuse, ile bahari. Iko na rangi gani?"

Alijitoa mkono taratibu, bila kunisukuma.

"Weye njo uliendaka, Yaya," akasema. "Uniambie weye."

Kisha akachukua mfuko wake wa samaki, akavuka barabara kwenda kungojea basi la 71.